Mchoro wa kidhahania si mchezo wa rangi

Kuna swali ambalo sisi walimu tumezoea kumtupia mwanafunzi punde tu anapoinua karatasi yake: "Hii ni picha ya nini?" Akijibu kwamba ni mwembe, tunaikagua kama kweli inafanana na mwembe. Ikifanana tunampa alama. Isipofanana tunamrudishia aianze upya. Na iwapo atajibu, kwa sauti ya woga, kwamba hakukusudia kuuchora mwembe wenyewe ila jinsi unavyochipuza baada ya mvua, darasa zima huangua kicheko, na mara nyingine anayetangulia kucheka ni mwalimu. Nimeyashuhudia hayo katika shule zaidi ya moja. Katika mojawapo, ambayo sitaitaja, mchoro wa namna hiyo uliochorwa na msichana wa darasa la sita ulipigwa msalaba wa wino mwekundu kutoka pembe hadi pembe. Msichana huyo hakuteta. Aliukunja akautia mkobani, na tangu siku hiyo akawa anatuchorea nyumba, bendera na gari, kama wenzake.

Uchoraji wa kidhahania, yaani ule usiokusudia kuonyesha sura ya kitu kama jicho linavyokiona, umeshukiwa kwa muda mrefu humu nchini. Wako wanaosema ni maficho ya wasiojua kuchora. Wako wanaosema ni ugeni wa Wazungu, na kwamba Mwafrika hana haja nao. Mimi nadai kwamba pande zote mbili zimekosea, hasa zinapoutazama ule uchoraji unaotokana na maumbo ya viumbe vyenye uhai: mbegu, mizizi, matagaa, maganda, mifupa na mabawa. Uchoraji huo huzaliwa na kutazama kwingi kuliko kule kunakohitajika katika picha ya kawaida. Anayechora mwembe kwa kuufananisha ameitazama sura yake. Anayechora kuchipuza kwake amelazimika kujiuliza mwembe unafanya nini, nguvu yake inaanzia wapi na inaelekea wapi, na kwa nini tagaa lipinde hapa badala ya pale.

Tuanze na mfano ambao mwalimu yeyote mwenye kitabu cha historia ya sanaa anaweza kuufungua mbele ya wanafunzi wake. Piet Mondrian, mchoraji wa Uholanzi, alikuwa kwa miaka mingi mchoraji wa mandhari: mito, vinu vya upepo, mashamba na miti. Kati ya mwaka 1908 na 1910 alichora mti mwekundu uliosimama mbele ya anga la samawati. Rangi zake ni za ajabu, lakini hakuna atakayekosa kutambua kwamba ule ni mti. Mwaka 1911 alichora mwingine wa rangi ya kijivu. Humo matagaa yamegeuka kuwa pinde zinazokatana, na nafasi zilizo baina ya matagaa zina uzito sawa na matagaa yenyewe. Mwaka 1912 akachora mtofaa uliochanua, na hapo mtazamaji asiyeambiwa jina la mchoro huona mistari iliyojipinda tu, kama magamba ya samaki au majani yaliyoelea majini. Picha hizo tatu zimo katika jumba moja la makumbusho katika mji wa The Hague. Anayezitazama kwa kufuatana huona kwamba mchoraji hakuruka kutoka kwenye mti hadi kwenye fumbo. Alitembea hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na sababu yake.

Hata hivyo, nakiri kwamba safari ya Mondrian hainiridhishi hadi mwisho. Aliendelea kupunguza na kupunguza, mpaka kufikia miaka ya 1920 hapakuwa na mti tena, wala upinde, ila mistari iliyonyooka na miraba ya rangi nyekundu, samawati na manjano. Ni kazi tukufu, nami siidharau. Lakini uhai wa mti ulibaki nyuma njiani. Ninayempenda zaidi ni mchoraji aliyetoka karibu nasi, aliyeingia katika udhahania bila ya kuupa mti kisogo. Huyo ni Ibrahim El-Salahi wa Sudan.

El-Salahi alizaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alikuwa na chuo cha Kurani, na humo mtoto alijifunza kuandika na kupamba ubao wa mbao, kama walivyofanya watoto wengi wa pwani yetu. Baada ya kusomea sanaa Khartoum alipelekwa London, katika chuo cha Slade, alikokaa kuanzia mwaka 1954 hadi 1957, akafunzwa kuchora kwa taratibu za Ulaya. Aliporejea nyumbani kufundisha aliandaa maonyesho ya kazi zake mjini Khartoum, na watu hawakuvutiwa. Hilo lilimwuma sana. Kwa muda aliacha kuchora akaanza kuzunguka nchini, akitazama ni nini hasa ambacho Wasudan wenzake walikipenda na kukitundika majumbani mwao. Akaona maandishi ya Kiarabu, mikeka iliyosukwa, nakshi za vibuyu na mapambo ya kuta.

Alianza basi kutia maandishi madogo kwenye pembe za michoro yake. Kisha akayakuza. Hatimaye akazivunja herufi zenyewe, na ndani ya zile herufi zilizovunjika yakajitokeza maumbo ya mimea, ya ndege na pembe za wanyama, na nyuso ndefu zenye macho yaliyotumbukia ndani. Rangi zake akazipunguza zikabaki zile za ardhi ya kwao: nyeusi, nyeupe, hudhurungi na manjano ya mchanga. Yeye na wenzake, miongoni mwao Ahmed Shibrain na Kamala Ibrahim Ishaq, wakaja kujulikana kama wachoraji wa mkondo wa Khartoum. Ningependa wale wanaosema kwamba udhahania ni ugeni wa Wazungu wazingatie jambo hilo. El-Salahi alirudi kutoka London na picha zenye sura kamili ambazo watu wake walizikataa, na alipoufikia udhahania ilikuwa ni kwa kufuata herufi za chuoni na nakshi za vibuyu vya nyumbani.

Mnamo Septemba 1975, akiwa afisa mkubwa katika wizara iliyosimamia utamaduni wakati wa utawala wa Jaafar Nimeiri, alikamatwa kwa kudhaniwa kwamba alishiriki katika jaribio la kuipindua serikali. Alizuiliwa katika gereza la Kober kwa muda wa miezi sita hivi bila ya kufunguliwa mashtaka. Wafungwa hawakuruhusiwa kuwa na kalamu wala karatasi. Pamoja na hayo alichora kwa siri kwenye vipande vidogo vya karatasi, akavifukia mchangani ili visionekane. Nawaomba walimu wazingatie kilichotokana na dhiki hiyo. Mtu anayechora kwenye kipande cha karatasi kinachotoshea kiganjani hawezi kupanga mchoro mkubwa tangu mwanzo. Huanza na kiini, kisha hukiongezea kipande kingine pembeni, na kingine tena, na mchoro ukakua kama mmea unavyokua, pasipo mwenyewe kujua utafika wapi. El-Salahi alitoka gerezani na njia hiyo mkononi. Kazi yake kubwa iitwayo The Inevitable, aliyoitengeneza kwa wino mweusi mwaka 1984 na 1985 akiwa uhamishoni, ina vipande tisa vilivyounganishwa. Kwa hiyo mchoro huo unafanana na viumbe hai kwa mambo mawili: maumbo yaliyomo ndani yake, na jinsi wenyewe ulivyozaliwa na kukua.

Sasa tuufikie mti wenyewe. Kandokando ya mto Nile huota mti ambao Wasudan huuita haraz, na wataalamu wa mimea huuita Faidherbia albida. Ni jamaa wa migunga yetu, na hupatikana pia hapa Kenya kwenye kingo za mito katika sehemu kavu. Tabia yake ni kinyume cha miti mingine. Mvua inaponyesha na kila kitu kikawa kijani, wenyewe hupukutisha majani ukabaki mtupu kama uliokufa. Kiangazi kinapokuja na miti mingine ikakauka, wenyewe huvaa majani mabichi. Mizizi yake huenda chini sana kuyafuata maji. Maganda yake, yenye rangi kama ya chungwa, hujikunja kama pete, nayo ni chakula kizuri cha mifugo wakati malisho yamekwisha. Wakulima wa nchi kadha za Afrika, kama vile Malawi na Zambia, huuacha uote katikati ya mahindi kwa sababu hautii kivuli shambani wakati mazao yanapohitaji jua, na majani yanayopukutika huurutubisha udongo. Wasudan husema ni mti uliokataa mvua.

El-Salahi aliuchora mti huo mara nyingi, mwaka baada ya mwaka, hasa baada ya kuhamia Oxford mnamo 1998. Katika baadhi ya michoro hiyo unaona mistari ya wima iliyosimama karibu karibu, ikikatwa na mistari ya kulala, na juu yake vitagaa vinavyojifunga na kujifungua. Katika mingine umebaki mihimili michache ya rangi. Mwaka 2018 aliugeuza kuwa sanamu, nayo ikasimamishwa katika bustani ya Regent's Park mjini London. Mwenyewe ameeleza kwamba aliona katika haraz tabia ya watu wake: ukaidi, subira na uwezo wa kusimama wakati usiotarajiwa. Je, angeweza kuyasema hayo kwa kuuchora mti jinsi kamera inavyoupiga picha? Kamera hupiga siku moja tu. Ikija wakati wa mvua itaonyesha mti mkavu, ikija kiangazi itaonyesha mti mbichi, na kwa vyovyote itakuwa imelikosa jambo lenyewe, yaani kule kugeuza majira. Aliyetaka kulichora hilo ilimbidi aiache sura ya mti ili apate tabia yake.

Kamala Ishaq, niliyekwisha kumtaja, alikwenda upande mwingine. Katika picha zake wanawake wamefumbatwa na mizizi na matawi hata huwezi kusema mwili unaishia wapi na mmea unaanzia wapi. Sitamweleza kwa urefu hapa, maana huyo anastahili makala yake peke yake.

Turudi nyumbani. Sisi tusemao kwamba hatuelewi michoro ya namna hii tumezungukwa nayo tangu utotoni. Itazame milango ya nakshi ya Lamu, au ile ya Unguja. Fundi aliyeichonga, ambaye aghalabu aliepuka sura za watu kwa sababu za dini, alilichukua yungiyungi, jani la mtende na ua la mviringo, akaondoa kila kisichohitajika mpaka ikabaki mizunguko na mirefusho inayofuatana kutoka chini hadi juu. Hakuna mtende duniani wenye majani kama yale, na hakuna aliyelalamika. Chukua leso vilevile. Ina pindo, ina mji, ina jina, na mara nyingi katika ule mji au pindo mna umbo la korosho lenye mkia uliopinda. Ni nani aliyewahi kumsimamisha mwanamke njiani akamwuliza mbona korosho ya leso yake haifanani na korosho za Kilifi? Tunaielewa. Tunapenda mpindo wake, jinsi linavyojaa upande mmoja na kuchongoka upande wa pili, jinsi moja linavyolifuata jingine hadi kitambaa kizima kikaonekana kinatembea. Huo ndio udhahania, na mama zetu ni mahakimu wakali wa sanaa hiyo wanapochagua dukani. Jicho tunalo, ila tunaliacha mlangoni tunapoingia darasani.

Najua nitaambiwa kwamba kuna michoro mingi ya kidhahania ambayo ni ulaghai mtupu, na kwamba mtu akimwaga rangi kwenye turubai akaipa jina gumu hukosi tajiri wa kuinunua. Ni kweli. Ulaghai upo, kama vile upo katika ushairi na katika siasa. Lakini ninayo njia ya kuupima, nayo si ngumu. Mwambie mchoraji akuonyeshe daftari lake. Kama kweli alianza na ganda la mgunga, utaliona humo likiwa limechorwa mara kumi, mara ishirini, kutoka kila upande, limepasuliwa, limekunjuliwa, hadi mistari mitatu ikatosha. Asiyekuwa na daftari hilo ana haki ya kuulizwa maswali. Mondrian alichora mandhari kwa miaka mingi kabla ya kuufikia mtofaa wake, naye El-Salahi alichora sura za watu kwa ustadi kabla hajazivunja herufi. Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wale wanaotaka mtoto aruke moja kwa moja kwenye udhahania kwa hoja ya kumpa uhuru. Ajifunze kwanza kulitazama jani.

Ugumu ni kwamba shule zetu hazikumpa nafasi ya kulitazama. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, Sanaa na Ufundi ilikuwa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa katika KCPE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliondolewa katika mtihani huo, na kila mwalimu anajua kinachotokea kwa somo lisilotahiniwa. Vipindi vyake vilimezwa na hisabati, makabati ya rangi yakafungwa, na walimu waliosomea sanaa wakafundisha masomo mengine. KCPE yenyewe ilifikia kikomo mwaka 2023, na mtaala wa umilisi umeirudisha sanaa darasani, japo katika madarasa ya kati imechanganywa na muziki na michezo katika somo moja, huku sekondari ya juu ikiwa na njia yake ya sanaa na michezo. Naipongeza hatua hiyo. Hofu yangu ni kwamba tumerudisha somo pamoja na lile swali la zamani. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini na jedwali la kutathmini mkononi atavutiwa na kile kinachopimika upesi, na hakuna kinachopimika upesi kuliko kufanana. Kizazi cha walimu wenyewe kilipita shuleni bila ya somo hilo. Atawezaje kuutathmini mpindo wa korosho yule ambaye hakuwahi kuombwa auchore?

Wala tusisingizie ukosefu wa vifaa. Ganda la mjakaranda limejaa uani kwa shule nyingi za bara, na mkoko umejaa kwa shule za pwani. Makaa yapo jikoni. Udongo mwekundu ukichanganywa na maji na gundi kidogo hutoa hudhurungi safi. Mwalimu anaweza kumpa kila mwanafunzi ganda moja na kumwambia alichore kama alivyoliona. Juma la pili amnyang'anye ganda na kumwambia alichore kwa kukumbuka. Juma la tatu amruhusu mistari mitano pekee. Nimelijaribu zoezi hili, nami nawaambia wenzangu kwamba ni katika juma la tatu ndipo darasa hunyamaza. Watoto hugundua kwamba kuchagua mistari mitano ni kazi ngumu kuliko kuchora hamsini, na hubishana juu ya mstari upi hauwezi kuachwa. Mmoja atasema ni ule wa mgongo wa ganda. Mwingine atashikilia kwamba ni ule mdomo unaopasuka ili mbegu zitoke, maana ganda lisilopasuka halina kazi. Hapo wamekwisha kuingia katika sayansi ya mimea bila ya kuambiwa. Na mwalimu akipita kati ya madawati, badala ya "hii ni picha ya nini?", anaweza kuuliza: "Umeacha nini, na kwa nini?" Jibu la swali hilo linaweza kupewa alama bila ya taabu, kwa sababu mtoto aliyetazama ana la kusema, na yule aliyekwaruza tu hana.

Kuna jambo moja zaidi linalonifanya niyaandike haya sasa. Tangu vita vilipozuka Sudan mnamo Aprili 2023, Khartoum ile iliyowalea kina El-Salahi imeharibiwa vibaya, na makumbusho yake ya taifa yameporwa. Wachoraji kadha wa nchi hiyo wamekimbilia Nairobi, nao wameonyesha kazi zao katika majumba ya sanaa ya mji huu. Wengi wao ni wanafunzi wa wanafunzi wa mkondo wa Khartoum. Wanaijua haraz na wanajua jinsi ya kuifikisha kwenye mistari mitano. Baadhi yao wamewahi kuwa walimu. Shule zetu zinaweza kumwalika mmoja wao kwa siku moja, kwa nauli na chakula cha mchana, aje na daftari lake alifungue mbele ya darasa. Walimu wakuu walioko Nairobi na viungani mwake wasingoje waraka kutoka wizarani ili kulifanya hilo katika muhula ujao.